Kipimo cha Agosti

Kocha asiyekula haaminiwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa Lavelle Tibbs alipoingia kwenye ukocha, na hakufundishwa uwanjani bali ndani ya gari, akiwa njiani kwenda kwa wazazi wa vijana ambao chuo kilikuwa kinawawania. "Ukiacha chakula kwenye sahani ya mama wa watu, na mtoto umemwacha hapo hapo," aliambiwa na Royce Hadley, kocha mkuu wa Chuo cha Tarver. Kwa hiyo siku moja ya Januari Lavelle alikula kambare wa kukaanga saa nane mchana, akala mbavu za nguruwe saa kumi, na ilipogonga saa kumi na mbili akabisha hodi kwa Bi Verdell Pettway, mkanda wake ukiwa umelegezwa matundu mawili.

Tumbo lilimwelemea, lakini alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka miwili. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, tena wa kulipwa, miaka sita. Alicheza kati. Mtu wa kati ndiye anayeinama mbele ya wenzake, mpira ukiwa kwenye nyasi chini ya kiganja chake. Akishaurudisha nyuma kwa mrushaji, kabla hajainua kichwa, linamjia jitu la kilo mia na arubaini. Hakuna anayeimba jina la mtu wa kati. Timu ikishinda, anasifiwa mrushaji. Ikishindwa, ukuta ndio uliovuja, yaani wale wa mbele wanaomkinga mrushaji. Lavelle aliipenda kazi hiyo kuliko anavyoweza kueleza. Kisha goti likagoma, na asubuhi moja ya Jumanne mlango wake kambini ukagongwa. "Kocha anakuita. Njoo na kitabu cha mbinu." Kila mchezaji anajua maana ya kuambiwa uje na kitabu: umeachwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Akaenda Birmingham kuuza majokofu katika duka la shemeji yake. Watu walikuja kumpa mkono, wakapiga naye picha, wakaenda kununua jokofu kwingine. Hadi siku alipopiga simu Hadley, ambaye alimfundisha tangu akiwa na miaka kumi na minane.

"Bado una mikono miwili wewe?" Hadley aliuliza bila salamu.

"Ninayo, Kocha."

"Na sauti?"

"Ipo."

"Basi acha kuuza barafu, njoo ufundishe ukuta wangu."

Lavelle aliingia stoo, akalia nyuma ya maboksi, akanawa uso, akatoka. Mkewe, Renita, alipouliza macho yamekuwaje, alisema ni vumbi.

Bi Verdell alikuwa mpishi wa shule, na kwake hukuletewa chakula, ulishambuliwa nacho: kuku, mboga za majani zilizochemshwa na mfupa wa nguruwe wa moshi, mkate wa mahindi, na mwishowe pai ya pichi. Mwanawe, Jaquan, alikaa upande wa pili wa meza akila kimya. Alikuwa na mabega ya kufungia mlango, lakini kilichomshangaza Lavelle hakikuwa mabega.

"Mwulize wimbo wa namba yoyote," Bi Verdell alisema. "Kanisani kwetu yeye ndiye anayepanga namba kwenye ubao. Kitabu hafungui."

"Mia mbili na kumi na nne," Lavelle alijaribu.

Jaquan akataja mstari wa kwanza bila kuinua macho kutoka kwenye paja la kuku. Lavelle akamjaribu na mia tatu na tisa. Akaijua. Akamtajia wa mwisho kabisa kitabuni. Akaujua huo pia, akaongeza, "Huo hatuuimbi. Mchungaji haijui sauti yake."

"Koma, mchungaji usimseme," mama yake alimwambia, lakini alikuwa anacheka.

Lavelle naye akacheka, maana alijua ameshampata mtu wake. Mtu wa kati ndiye hubeba yote kichwani: jina la mbinu, nani amzuie nani, na ile hesabu ya siri inayosema mpira urudishwe lini. Mwenye misuli tu utampata popote.

Bi Verdell alifuta mikono kwenye aproni, akaketi. "Kocha Tibbs, wamekaa wanne kwenye hicho kiti kabla yako. Mmoja ameniahidi televisheni itamwonyesha mwanangu. Mwingine ameniahidi nyumba yenye bwawa. Wewe unaniahidi nini?"

Lavelle alikuwa ameandaliwa maneno, lakini yalimpotea. "Sijui, Bi Verdell," akasema.

"Ahaa. Angalau wewe uongo haujakuzoea." Akamsogezea sahani ya tatu. "Sikiliza. Mguu ukivunjika utaunga, mkono utaunga. Mimi ninachokukabidhi ni kichwa. Huyu anataka kuwa mwalimu wa hesabu. Kinirudie kama kilivyo."

"Kitarudi," Lavelle alisema, na alisema kwa moyo wake wote. Kisha akala ile sahani ya tatu akaimaliza.

Mwaka wa kwanza Jaquan alikaa benchi akijifunza. Ilipofika Agosti ya mwaka wa pili, nafasi ya kati ilikuwa yake, na kijana aitwaye Mims alikuwa nyuma yake akiisubiri kwa hamu. Asubuhi ya kwanza ya kambi, watu wa ukuta, wote kumi na sita, walikaa katika chumba cha mikutano wakisubiri kuitwa mmoja mmoja kupimwa kichwa. Kipimo chenyewe ni cha kompyuta. Unaonyeshwa maneno, unaulizwa ni yapi uliyaona. Unaonyeshwa maumbo na rangi, unabonyeza upesi uwezavyo. Namba zako zinahifadhiwa. Ukigongwa baadaye katika msimu, unapimwa tena, namba zinalinganishwa, na daktari anajua kama ubongo umetikisika.

Foleni ilikuwa ndefu, chumba kina joto, na vijana wamechoka kabla hata ya kuchoka. Lavelle akataka kuwachekesha. Ingefaa awepo mtu wa kumkanyaga mguu chini ya meza, lakini hakuwapo.

"Enzi zetu," akaanza, "hiki kipimo tulikuwa tunakifanya kijinga makusudi."

Vicheko. "Vipi, Kocha?"

"Swali likija, unahesabu moja, mbili, ndipo unabonyeza. Maneno matatu unayajua, unasema hujayaona. Unatoka hapo una namba za punda. Halafu Oktoba ukigongwa, ukiona nyota mchana, wakikupima, unapata nini?"

"Namba za punda!" wakaitikia kwa pamoja.

"Unaambiwa uko sawa kabisa, mwanangu, rudi uwanjani. Mimi nimecheza hivyo miaka kumi na moja, chuoni mpaka huko juu. Daktari mmoja alimwambia mke wangu, 'Bibi, mumeo si mgonjwa, ni mzito tu.'"

Walicheka hadi viti vikalia. Lavelle alijisikia mchezaji tena, mmoja wao, ukocha ukamteleza kidogo begani. Maskini, hakuona kwamba wengine walikuwa wakicheka huku wanasikiliza.

Jumamosi ya pili ya Oktoba, kabla kidogo ya mapumziko, Jaquan aliurudisha mpira, akainua kichwa, kikakutana na kofia ngumu ya mtu aliyekuja kwa mbio. Akapiga goti moja. Akasimama. Akarekebisha kofia, akainama tena mahali pake. Uwanja mzima haukuona kitu.

Lavelle alikiona Jumapili asubuhi, akirudia video peke yake kama makocha wote wafanyavyo. Kipindi cha pili, wale wawili wa ubavuni mwa Jaquan walikuwa wanachomoka kabla ya mpira. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu mwamuzi akawaadhibu. Hadley alikuwa amewafokea wao. Lakini Lavelle alirudisha picha nyuma tena na tena, na kila mara aliona kwamba wale wawili walikuwa sahihi. Walioondoka waliondoka kwa ile hesabu ya siri. Aliyechelewa ni mwenye mpira.

Akamtoa Jaquan bwenini, akampeleka mwenyewe kwa Dokta Colleen Strand, daktari wa timu, mwanamke mkavu asiyependa mzaha. Strand akampima. Namba zikatoka pacha na zile za Agosti.

"Yuko sawa," Strand alisema. "Kwa mujibu wa karatasi."

Lavelle akatoka na Jaquan. Huko nje, kwenye ngazi, alimshika kijana mkono.

"Jaquan. Mia mbili na kumi na nne."

"Mia mbili na kumi na nne nini?"

"Wimbo."

Jaquan akatabasamu, akatazama pembeni, akatabasamu tena. "Aa, Kocha. Hayo ni mambo ya mama."

"Nitajie tu."

"Sijaenda kanisani tangu Agosti, bwana."

"Agosti ulijibu kweli au ulifanya ya punda?"

Kijana akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulitufundisha mwenyewe?"

"Nilikuwa natania!"

"Ulicheza miaka kumi na moja ukitania?" Sauti yake haikuwa na kiburi, na hilo ndilo lililomuumiza Lavelle. "Kocha, nikikaa nje wiki mbili, Mims haniachii tena hiyo nafasi. Wewe unajua. Ungekuwa mimi, ungekaa?"

Jibu walilijua wote wawili.

Jumatatu asubuhi alirudi kwa Strand, akafunga mlango, akasema yote. Alisema hata lile la kuhesabu moja, mbili. Daktari alisikiliza bila kuandika.

"Chumbani mlikuwa wangapi?" akauliza.

"Kumi na sita."

"Kumi na sita." Akavuta droo, akatoa faili moja baada ya jingine, akayapanga mezani. "Kwa hiyo hapa sina kipimo cha Jaquan tu. Sina cha mtu yeyote wa ukuta wako. Mzani wote umeuchezea. Wakigongwa kesho, nitapima nini na nini?"

"Wapime upya."

"Vichwa ambavyo vimeshagongwa miezi miwili? Namba hizo zitaniambia walivyo leo. Walivyokuwa Agosti, Tibbs, imekwisha hiyo." Kisha akamwangalia vizuri zaidi, akaona vipande vya plasta nyeupe alivyobandika kwenye kifundo cha mkono, vimeandikwa kwa wino: majina ya wachezaji, saa za vikao, jina la mtaa anaokaa. "Na wewe, cha kwako cha kweli kiko wapi?"

"Sina," alisema Lavelle, akateremsha mkono wa koti.

Strand alimsimamisha Jaquan hadi mwisho wa msimu. Hilo aliweza. Lavelle akaenda kwa Hadley kujisalimisha, kitabu cha mbinu mkononi, hata kabla hajaitwa.

Hadley alikitazama kile kitabu, akakisukuma kando. "Rudi kazini."

"Nifukuze, Kocha."

"Nikikufukuza, wataniuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, wazazi kumi na sita wataleta mawakili kumi na sita." Akavua miwani, akapangusa macho; alikuwa mzee ghafla. "Utakaa hapa, utafundisha, na mdomo wako utaufunga. Unadhani mimi sikujua wewe ulivyokuwa unafanya vile vipimo? Nilijua tangu una miaka kumi na tisa."

Lavelle alikuwa amemwita huyu mtu baba, mbele za watu, siku ya harusi yake. Alichukua kitabu chake akatoka.

Mdomo hakuufunga. Jioni ile ile alimpigia Bi Verdell, akamweleza yote. Bi Verdell akasema polepole, "Jaquan kaniambia ungepiga. Kasema nafasi yake umeshampa yule Mims, sasa unatafuta njia."

"Si kweli, Bi Verdell. Haki ya Mungu nakuapia."

"Karatasi ya daktari ninayo hapa. Inasema yuko sawa."

"Karatasi ndiyo ya uongo. Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Basi niambie wewe, Kocha Tibbs. Nimwamini nani? Mwanangu, au mtu aliyekula kwangu sahani tatu halafu akaenda kuwafundisha watoto wa watu kudanganya?"

Simu ikakatwa. Hakuwa na la kumlaumu. Mkweli aliyechelewa na mwongo hufanana sana.

Desemba, Jaquan aliandikisha jina lake miongoni mwa wanaohama, maana siku hizi mchezaji huhama chuo kama anayehama benchi. Alikuwa na miaka ishirini, mtu mzima, na sahihi ni yake. Chuo kimoja cha Texas kikamchukua ndani ya wiki. Lavelle alimpigia kocha wa ukuta wa huko, kijana mchangamfu.

"Kaka, huyo kijana ana tatizo la kichwa."

"Sizitaki mbichi hizi, eeh?" yule akacheka. "Mmemkosa, sasa mnamtia kasoro. Usijali, kaka, tutamtunza."

Strand naye aliandika barua kwa daktari wa kule: kipimo cha Tarver kisiaminiwe. Daktari akajibu kwa adabu kwamba barua imefika, kijana halalamiki maumivu yoyote, na Agosti atapimwa upya kama wachezaji wote. Lavelle akamwandikia Jaquan mwenyewe mara nane. Alijibiwa mara moja, Machi: "Niko vizuri Kocha. Usinichukie." Akakaa na simu ile mkononi, chakula cha mchana kikapoa, hadi Renita alipokuja kuichukua taratibu na kumwekea uma mahali pake.

Agosti ikafika. Pale Tarver, watu wa ukuta walikaa kwenye chumba kile kile wakisubiri kipimo, na safari hii Lavelle alisimama mlangoni kimya, asiseme hata habari za asubuhi. Wale wa zamani walimtazama, naye akatazama sakafu. Kwa kila aliyetoka kwa Strand, alijiuliza kama namba zile ni za punda au za mtu, na hakuwa na njia ya kujua. Saa sita kasoro simu yake ikalia. Alisoma jina mara mbili. Alikuwa Bi Verdell.

"Kocha Tibbs," alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu ya furaha. Nyuma yake mafuta yalikuwa yanachemka kwenye kikaango. "Sikupigii kukutukana. Nakupigia tumalizane. Nimekuwa na kinyongo na wewe miezi kumi, na mchungaji amesema kinyongo kinaozesha moyo."

"Nashukuru, Bi Verdell."

"Jana wamempima huko Texas, kipimo kipya. Nimemwambia, mwanangu, mbele za Mungu, usifanye mzaha wowote, jibu kila swali kwa uwezo wako wote. Ameniapia. Na unajua Jaquan hawezi kuniapia uongo."

"Najua."

"Kajitahidi mpaka jasho limemtoka, anasema. Na namba zimetoka vile vile. Zile zile za Agosti ya kwako, hakuna tofauti. Daktari amemshika mkono, kamwambia hajawahi kuona mtu asiyebadilika hivyo." Akacheka kidogo. "Kwa hiyo unaona? Hakudanganya hata ile mara ya kwanza. Ulijitesa bure, na mimi ukanitesa."

Lavelle aliegemea ukuta. Alimwona kijana mezani, paja la kuku mkononi, akitaja wimbo wa mwisho kitabuni ambao hata mchungaji haujui. Huyo ndiye aliyekaa Agosti ile mbele ya kompyuta akihesabu moja, mbili, akificha maneno aliyoyaona. Sasa amejibu kwa uwezo wake wote, na uwezo wake wote umefika pale alipokuwa anajifanya mjinga.

Angeweza kunyamaza. Mama alikuwa na furaha, kikaango kilikuwa motoni, na hakuna mtu duniani ambaye angemdai neno lile.

"Bi Verdell," akasema. "Zima jiko. Kaa chini kwanza."

Akamweleza polepole, sentensi moja moja, kama unavyomweleza mtu njia ya hospitali. Alimwambia pia amwulize Jaquan namba mia mbili na kumi na nne. Mafuta yakaacha kuchemka. Lavelle alisikia kiti kikivutwa.

"Nilimwuliza Krismasi," Bi Verdell alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake. "Si huo. Mwingine. Alisema amechoka na safari."

"Pole, mama."

"Wanacheza Jumamosi ya wiki ijayo."

"Najua."

"Nani anaweza kumzuia? Nipe namba zao. Nipe namba ya mtu anayeweza kumzuia, Kocha, nina kalamu hapa."

Lavelle akafungua daftari lake. Walikuwamo wote: kocha mchangamfu wa Texas, daktari mwenye adabu, Hadley, na mwishoni Jaquan mwenyewe. Wote alikuwa amewapigia, na alijua kila mmoja atamjibu nini. Akaanza kumsomea namba moja baada ya nyingine, polepole, ili aweze kuandika.